Mombasa hadi Kisumu kwa Ndege: Kilomita 695 na Saa Zake

Mchukulie mama wa Kongowea ambaye binti yake anahitimu Chuo Kikuu cha Maseno. Dera jipya limeshapigwa pasi, halua imefungwa vizuri kikapuni, na kijana wake wa mwisho ameketi kibarazani na simu mkononi akitafuta ndege. Amepata safari mbili. Moja inaondoka Mombasa na kutua Kisumu bila kusimama popote. Nyingine inapitia Nairobi, na bei yake iko chini kidogo. Kijana anasema, "Mama, hii ya Nairobi ni nafuu." Mama anamjibu kwa swali: "Na kupitia Nairobi si kuzunguka, mwanangu?"

Swali hilo linastahili kujibiwa kwa hesabu, na jibu lake linashangaza. Kutoka uwanja wa Moi mjini Mombasa hadi uwanja wa Kisumu ni kama kilomita 695 angani. Kutoka Mombasa hadi uwanja wa Jomo Kenyatta ni 422, na kutoka hapo hadi Kisumu ni 280. Jumla ni 702. Kupitia Nairobi kunaongeza kilomita 7 tu, hata mwendo wa Kongowea hadi Mtwapa haufiki. Ukichora mstari ulionyooka kwenye ramani kutoka Mombasa hadi Kisumu, uwanja wa Nairobi utauona umekaa kando yake kwa kilomita zisizotimia 50.

Lakini geuza swali, uulize saa badala ya kilomita. Hapo safari hizo mbili zinaachana kabisa, na zinaweza kupishana kwa saa mbili au tatu. Ndiyo sababu msafiri anayepanga safari kwa kutazama masafa peke yake hupotea hesabu. Anachopaswa kuhesabu kwanza ni mara ngapi ndege itaruka na kutua kabla hajafika.

Kupima njia kwa penseli

Kuna programu nyingi zinazotoa masafa kati ya viwanja viwili, na ramani za kwenye simu zina kipimo cha kuvuta mstari kutoka nukta moja hadi nyingine. Hata hivyo inafaa kujua hesabu yenyewe, kwa sababu sisi wa ukanda wa ikweta tumebahatika: kwetu ni rahisi kuliko karibu kila mahali pengine duniani.

Chukua latitudo na longitudo za viwanja. Mombasa iko digrii 4.03 kusini na 39.59 mashariki. Kisumu iko digrii 0.09 kusini, yaani karibu kabisa na mstari wa ikweta, na 34.73 mashariki. Toa moja kwa nyingine: tofauti ya kusini na kaskazini ni digrii 3.94, na ya mashariki na magharibi ni digrii 4.86. Digrii moja ni kama kilomita 111. Zidisha, upate kilomita 437 za kwenda kaskazini na 539 za kwenda magharibi. Sasa una pembetatu yenye pembe mraba, na kilichobaki ni kanuni ya Pythagoras ya darasani. Tafuta kipeo cha pili cha kila upande, ujumlishe, halafu utafute kipeuo cha pili cha jumla. Jibu ni 694. Kompyuta inayozingatia umbo halisi la dunia itakupa 695. Penseli na karatasi vimekosea kwa kilomita moja.

Hesabu hii ingeharibika mtu akiipeleka Ulaya. Mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyoiacha ikweta, na kwenye latitudo ya London digrii moja ya mashariki na magharibi imebaki kama kilomita 69. Kwa Mombasa na Kisumu, Mwanza na Dar es Salaam, Entebbe na Kigali, kanuni ya 111 inatosha kabisa.

Marubani wenyewe hawasemi kilomita. Wao hutumia maili za baharini, na kila maili ni mita 1,852, ambayo ni sehemu moja ya sitini ya digrii ya latitudo. Kwao Mombasa na Kisumu zimetengana kwa maili 375. Kasi huipima kwa fundo, na fundo moja ni maili moja ya baharini kwa saa. Neno hilo lilitoka kwa mabaharia waliotupa majini kamba yenye mafundo na kuhesabu mangapi yamepita mikononi mwao kabla mchanga haujaisha kwenye chupa. Mtu wa pwani akimsikia rubani anataja mafundo, anasikia lugha ya chomboni iliyopanda angani.

Mstari huo wa kilomita 695 una mengi ya kuonyesha. Ukiufuata kwenye ramani, unatoka Mombasa kuelekea kaskazini-magharibi, unapita karibu na Voi, unavuka Tsavo na vilima vya Chyulu, unaigusa Kajiado kwa karibu, unafika Narok, unateremka kati ya Sotik na Kericho, kisha ziwa. Ndege halisi haifuati mstari huo kwa rula. Inafuata njia za angani zenye vituo vilivyopewa majina, na mwongoza ndege anaweza kuipinda ili kupisha nyingine au kukwepa wingu baya. Ongeza asilimia tano hivi kwa ajili ya mipindo hiyo.

Linganisha na barabara. Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 485, na Nairobi hadi Kisumu kupitia Nakuru ni kama 345, jumla 830. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Desemba 1901, ilikuwa ndefu zaidi: karibu kilomita 940, kwa sababu ilibidi izunguke na kujikunja ili iteremke Bonde la Ufa na kupanda upande wa pili. Basi likienda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa linahitaji kama saa 14. Hilo ndilo linalomfanya mtu afikirie ndege, na ni sababu nzuri.

Gawanya, kisha ongeza 25

Tuje kwenye saa. Kosa la kawaida ni kuchukua kasi ya ndege iliyoandikwa kwenye majarida, kugawanya masafa kwayo, na kudhani umemaliza. Ndege aina ya Embraer 190, ambayo wasafiri wengi wa Kenya wameizoea, inaweza kwenda kilomita zaidi ya 800 kwa saa. Gawanya 695 kwa 800, utapata dakika 52. Hakuna atakayekufikisha Kisumu kwa dakika 52 kutoka milango ya ndege ilipofungwa.

Ndege haianzi safari ikiwa na kasi hiyo. Inasukumwa nyuma, inawasha injini, inatembea chini hadi mwisho wa barabara ya kurukia, inangoja zamu, inaruka, na inapanda polepole huku kasi yake ya kwenda mbele ikiwa ndogo. Mwishoni hupunguza mwendo, hujipanga na uwanja, hutua, na hutembea tena hadi inaposimama. Saa zilizochapishwa kwenye tiketi zinahesabu yote hayo, kuanzia ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho mengine.

Kanuni inayofaa kuwekwa kichwani ni hii. Kwa ndege ya jeti, gawanya kilomita kwa 13, kwa sababu kwa wastani inakata kilomita 13 kila dakika. Kwa ndege kubwa ya pangaboi kama Dash 8-400, gawanya kwa 10. Kisha ongeza dakika 25 za kuruka, kupanda, kushuka na kutembea chini. Basi.

Ijaribu. Nairobi hadi Mombasa, kilomita 422: kwa jeti ni 32 na 25, yaani dakika 57. Tazama ratiba yoyote ya njia hiyo na utakuta inasema karibu saa moja. Nairobi hadi Kisumu, kilomita 280: dakika 22 na 25, jumla 47. Dar es Salaam hadi Mwanza ni kama kilomita 850: kwa jeti ni saa moja na nusu, kwa pangaboi ni kama saa moja na dakika 50. Kwa vindege vidogo vya Cessna Caravan vinavyokwenda visiwani na mbugani, gawanya kwa 5 na uongeze 10 tu, maana hivyo havina mengi ya kungoja: Dar es Salaam hadi Unguja, kilomita 72, ni kama dakika 25.

Sasa mrudie mama wa Kongowea. Moja kwa moja hadi Kisumu kwa jeti ni 53 na 25, dakika 78. Kwa pangaboi ni kama dakika 95. Kupitia Nairobi kwa jeti ni 57 na 47, jumla dakika 104. Tofauti kati ya 78 na 104 ni dakika 26. Kilomita 7 za ziada hazifikii hata dakika moja katika hizo. Zilizobaki zote ni zile 25 za kuruka na kutua, ambazo kwa kupitia Nairobi mama anazilipa mara mbili.

Na hapo hatujahesabu kungoja.

Nairobi katikati ya njia

Ukishuka Jomo Kenyatta, swali la kwanza ni kama tiketi yako ni moja au mbili. Ukinunua safari nzima, Mombasa hadi Kisumu, kwa tiketi moja, shirika limebeba jukumu la kukufikisha, na ndege ya kwanza ikichelewa ni kazi yao kukutafutia nyingine. Ukinunua vipande viwili kwa sababu kila kimoja kilikuwa na bei nzuri, ndege ya pili haikujui. Itaondoka kwa saa yake, na nauli yako huenda ikaenda nayo. Vipande viwili vinahitaji nafasi ya saa mbili na zaidi katikati, na kama una begi la kuchukua na kulisajili upya, fanya tatu. Kwa mzee, mama mwenye mtoto mchanga, au mtu anayesafiri kwa ndege mara ya kwanza, tofauti ndogo ya bei haistahili mashaka hayo.

La pili ni herufi tatu zilizo kwenye tiketi. Mombasa ni MBA, Kisumu ni KIS, na Nairobi ina mbili: NBO ni Jomo Kenyatta, WIL ni Wilson. Viwanja hivi viko sehemu mbili tofauti za jiji, na ndege kadhaa za pwani, hasa za Ukunda na Lamu, hutua Wilson. Mtu akitua WIL na ndege yake ya Kisumu ikawa inaondoka NBO, amejipa safari nyingine ya teksi katikati ya msongamano wa Nairobi. Soma herufi hizo kabla ya kulipa. Hata Jomo Kenyatta kwenyewe majengo ni kadhaa, kwa hiyo tazama pia jengo lililoandikwa kwenye kila tiketi.

La tatu ni ukungu. Uwanja wa Nairobi uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na katika misimu ya mvua mawingu mazito hushuka alfajiri mpaka ndege zinashindwa kutua. Nyingine hupelekwa Mombasa kungoja kupambazuke vizuri. Asubuhi ya namna hiyo, kila mtu aliyepanga kuunganisha ndege Nairobi saa moja au saa mbili hucheleweshwa, hata kama Mombasa na Kisumu jua linawaka. Kisumu nayo ina hali yake. Joto la mchana na unyevu wa ziwa hujenga mawingu ya radi upande wa nchi kavu, na mengi hupasuka alasiri na jioni. Kwa safari ya moja kwa moja, ndege ya asubuhi ndiyo yenye uhakika zaidi. Kwa safari ya kupitia Nairobi wakati wa mvua, ile ya katikati ya asubuhi ni salama kuliko ya alfajiri.

Upepo wa juu hausumbui sana huku. Kati ya London na New York upepo unaweza kuongeza safari ya kwenda magharibi kwa saa nzima hivi. Katika ukanda wetu ni dakika chache tu. Mahali ambapo upepo unaonekana ni uwanjani. Barabara kuu ya uwanja wa Moi, yenye urefu wa mita 3,350, imelazwa kaskazini-mashariki hadi kusini-magharibi, na ndege hutua zikiukabili upepo. Kaskazi ikivuma zinatua zikielekea upande mmoja. Ikiingia kusi, mara nyingi zinageuza. Ukitoka Nairobi au Kisumu na ndege ikaipita Mombasa, ikazunguka na kurudi, usishtuke. Inatafuta upepo kama jahazi lilivyofanya, na huko kuzunguka kunaongeza dakika tano hivi.

Kuna jambo jingine ambalo msafiri anaweza kulishuhudia mwenyewe. Kwa desturi ya angani, ndege zinazoelekea magharibi hupewa kimo cha namba shufwa, na zinazoelekea mashariki namba witiri. Kwa hiyo pangaboi lako likienda Kisumu kwenye kimo cha futi 24,000, likirudi Mombasa linaweza kupewa 25,000 au 23,000. Rubani huhesabu maili tatu za baharini kwa kila futi elfu anazotaka kushuka. Kutoka 25,000 hadi Mombasa, ambayo karibu iko usawa wa bahari, ni maili 75, sawa na kilomita 139. Rudi kwenye ramani: hapo ndipo Voi. Kuelekea Kisumu, uwanja wenyewe uko juu zaidi ya mita 1,100, kwa hiyo mteremko ni mfupi, na huanza kama kilomita 110 kabla, ukishaiacha Narok. Jeti iliyopanda juu zaidi itaanza mapema. Masikio yakianza kuziba juu ya Tsavo, jua kuwa Mombasa imebaki kama dakika 20. Huo ndio wakati wa kumpa mtoto titi au chupa, maana kumeza kunafungua masikio kuliko kilio.

Ukitaka dirisha, chagua kwa kujua. Kutoka Mombasa kwenda Kisumu au Nairobi, kaa kushoto. Anga likiwa wazi, Kilimanjaro, mita 5,895, husimama upande huo juu ya mawingu, na asubuhi theluji yake huonekana vizuri zaidi kuliko mchana. Wakati wa kurudi, kaa kulia. Simu iliyowekwa kwenye hali ya ndege bado hupokea mawimbi ya setilaiti karibu na kioo, na programu ya ramani uliyoipakua kabla itakuonyesha kasi na mahali ulipo. Ni raha kuiona nukta ikivuka Chyulu, na papo hapo unaweza kupima kama zile kilomita 13 kwa dakika ni za kweli.

Saa ya tiketi na saa ya Kiswahili

Makosa mengi ya kukosa ndege hayatoki kwenye hesabu ngumu. Yanatoka kwenye neno "saa". Tiketi hutumia saa 24 za kimataifa. 07:10 ni saa moja na dakika kumi asubuhi. 13:40 ni saa nane kasoro dakika ishirini mchana. 19:15 ni saa moja na robo usiku. Ujanja ni kutoa sita, na ukipata zaidi ya kumi na mbili, toa kumi na mbili tena; kwa saa za kabla ya 07:00, ongeza sita. Mtu anayempigia mzazi wake simu na kusema "ndege ni ya saba" amemwachia mitihani miwili: saba ya asubuhi kwa Kizungu, ama saa saba mchana kwa Kiswahili? Taja saa kwa Kiswahili kamili, useme na wakati wa siku, kisha mwambie arudie.

Hatari kubwa zaidi ni ndege za baada ya usiku wa manane. Tiketi ikisema Jumamosi 00:30, hiyo ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia Jumamosi. Msafiri anatakiwa awe uwanjani Ijumaa usiku. Atakayejiandaa Jumamosi jioni amechelewa siku nzima.

Mombasa na Kisumu zinatumia saa ileile, lakini jua halijui hilo. Tofauti ya digrii 4.86 za longitudo ni kama dakika 20 za jua, kwa kuwa dunia huzunguka digrii moja kila dakika nne. Kwa wastani wa mwaka, Mombasa huona jua likichomoza na kuzama kama dakika 20 kabla ya Kisumu. Aliyefunga Ramadhani akapanda ndege ya jioni kuelekea ziwani ajue kwamba Magharibi itachelewa: watu wa nyumbani Mombasa watakuwa wameshakunywa uji naye bado analiona jua dirishani, tena kwa aliye juu angani jua huzama baadaye kuliko kwa aliye chini. Abebe tende zake mfukoni na azingatie jua analoliona yeye.

Anayevuka mpaka kuelekea magharibi ana jambo jingine. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Nairobi hadi Kigali ni kama kilomita 760, na kwa kanuni yetu jeti inahitaji kama dakika 83. Kwenye tiketi utaona ndege inaondoka na kufika ndani ya dakika 25 hivi. Wakati wa kurudi itaonekana kama imechukua karibu saa mbili na nusu. Ndege ni ileile. Saa za ukutani ndizo zilizobadilika.

Safari ya mama, mlango kwa mlango

Tuseme kijana amepata safari ya moja kwa moja ya 09:00, yaani saa tatu asubuhi. Safari hizi za kuruka moja kwa moja hazipo kila siku, na mashirika huziongeza au kuzipunguza kwa misimu, kwa hiyo ratiba ya mwaka jana haifai kutegemewa. Kijana atazame pia programu za kufuatilia ndege kama Flightradar24. Humo ataona safari hiyo ilivyokwenda siku chache zilizopita: iliondoka saa ngapi kweli, na ilitua saa ngapi. Siku tano za namna hiyo zitamweleza mengi kuliko tangazo.

Kaunta za safari za ndani hufungwa dakika 30 hadi 45 kabla ya kuondoka, kutegemea shirika. Mama awe uwanjani saa moja na robo. Kutoka Kongowea atavuka daraja la Nyali, apite kisiwani, atoke kwa Makupa hadi Changamwe, na asubuhi ya siku ya kazi njia hiyo inaweza kula saa nzima. Atoke nyumbani saa kumi na mbili. Angekuwa anatoka Diani, barabara ya Dongo Kundu ingemwepusha na feri ya Likoni, na hiyo ni nafuu kubwa kwa mtu mwenye ndege ya asubuhi.

Ndege ikiwa pangaboi, atafika Kisumu saa nne na dakika 35. Mzigo uhesabiwe dakika 20. Uwanja wa Kisumu uko kwenye barabara ya Busia, na Maseno iko mbele kwenye barabara hiyohiyo, kwa hiyo hana haja ya kuingia mjini kabisa. Apewe dakika 40 au 45 za njiani. Atakuwa mlangoni pa binti yake kabla ya saa sita mchana, karibu saa sita tangu afunge mlango wa Kongowea. Kati ya hizo, saa alizokaa angani ni moja na ushei.

Kwa kupitia Nairobi, weka dakika 104 za ndege mbili, weka saa mbili za kungoja, weka njia na uwanja kama mwanzo. Inakuwa siku ya saa nane, na tisa si ajabu, hata kama hakuna ndege iliyochelewa. Kama bei inatofautiana sana na mama ana nguvu zake, bado ni safari nzuri. Kama tofauti ni ya shilingi mia chache, achukue ya moja kwa moja.

Kwa vyovyote vile asisafiri siku ya mahafali yenyewe. Sherehe ya chuo huanza asubuhi, na hakuna ndege inayoweza kuahidi kwa uhakika kwamba haitacheleweshwa na wingu. Aende siku moja kabla, alale Maseno, aamkie kwenye viti vya mbele.

Kijana ameshalipa. Sasa anamwandikia dada yake ujumbe: namba ya ndege, siku na tarehe, inatua saa nne na dakika 35 asubuhi, mama atatoka nje kama saa tano kasoro dakika tano, usimwite dereva mapema ukalipia maegesho bure. Mama atakaa kushoto dirishani. Halua ataibeba mkononi, hataiweka kwenye begi.